Zeze la Mzee Ndahani Lilivyopotea Ndani ya Diski

Siku hizi nikisikia shikamoo ndefu getini, shikamoo inayouliza mpaka hali ya goti langu, najua kuna kompyuta imejaa. Kijana anaingia, anakaa, anakunywa chai yangu, anaisifia chai yangu, halafu ndipo anaitoa laptopu kwenye begi taratibu kama anatoa mayai. Bibi, imekuwa nzito. Bibi, inaniambia nafasi hakuna. Bibi, nina nyimbo zangu humu, sitaki zipotee. Nafungua, natazama. Nafasi hakuna kweli, na nusu ya nyimbo ni wimbo ule ule mmoja, umeshushwa tena na tena kwa sababu mwenyewe kila akiupenda anasahau kwamba anao.

Sasa nimechoka kurudia. Nitayasema yote kwa mpigo mmoja. Atakayekuja tena na shikamoo ya kompyuta nitamwitikia marahaba, kisha nitafunga geti.

Mimi ni Shamsa, wa hapa Makole. Babu zetu walikuja na misafara ya biashara, wakasema wapumzike Dodoma kidogo ndipo waendelee na safari, na mpaka leo bado tunapumzika. Kazi yangu ilikuwa moja miaka yote mpaka nilipostaafu: mtunza muziki kwenye kituo kimoja cha redio hapa mjini. Mtangazaji ndiye mliyekuwa mnamjua. Mimi nilikuwa nyuma, nampa wimbo, naye anawaambia wasikilizaji jinsi alivyohangaika kuutafuta. Nilianza na kanda, zikaja CD, ikaja kompyuta, mwisho ikaja diski ya nje, kile kisanduku chembamba kinachobeba muziki wa nchi nzima, ambacho nyinyi mnakitupa kwenye begi moja na chapati.

Aliyenifundisha kanda alikuwa Mzee Salehe, mtu mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa na sheria moja tu: jina la mpigaji liandikwe kwenye kanda yenyewe, siyo kwenye kasha lake. Kasha ni nguo, alikuwa akisema, na nguo watu wanaazimana. Nilimwona mzee wa kujisumbua bure. Wakati huo nilikuwa na akili kama zenu.

Haya, sasa niwape habari ya mtu, maana diski bila mtu ni kipande cha bati. Kule Mvumi kulikuwa na mpiga zeze akiitwa Mzee Ndahani. Ujanani alipiga kwenye harusi na sherehe za mavuno, na mara moja tu maishani mwake alikuja studio kwetu akarekodi. Nyimbo zake tukawa tunazipiga jioni kwenye kipindi cha salamu, zinalia chini chini huku mtangazaji akisoma majina ya wanaosalimiwa. Watu walizipenda, ila ni wachache waliojua nani anapiga, kwa sababu mtangazaji alikuwa na majina mengi ya kusoma na la mpigaji halikuwamo. Baadaye uzee ukaja na kiharusi nyuma yake, mkono wa kushoto ukapooza. Huo ndio mkono unaobonyeza nyuzi. Zeze likaishia hapo.

Mtoto wake alikuwa mtumishi wa serikali kule Mwanza. Serikali ilipohamia Dodoma naye akahamishwa, akaja na watoto wake, na wale watoto wakawa kila Jumapili wanakwenda Mvumi kwa babu. Hawakuwahi kumwona akipiga hata uzi mmoja. Walimkuta mzee wa mkono mmoja anayesema, mimi nyinyi mnaniona hivi, nilikuwa napigwa redioni. Na mnajua babu na mjukuu ni watani, hakuna wa kukukataza. Mkubwa wao, Upendo, binti wa chuo, alikuwa na ulimi kuliko wote. Redio ikiwashwa, ikipiga chochote, kwaya, bongo fleva, hata tangazo la sabuni, Upendo anageuka na uso wake wa heshima anauliza, babu, huyu siyo wewe? Nyumba nzima inaanguka kwa kicheko. Mzee naye anacheka, maana utani hauna kisirani.

Lakini alikuja kwangu. Alipanda basi la Mvumi akaja mpaka kituoni, mkono mbovu ameutia kwenye mfuko wa koti, akasalimia ofisi nzima kwa Kigogo, mbukwenyi, akaja akakaa mbele ya meza yangu. Alitaka wimbo wake upigwe Jumapili mchana wajukuu wakiwepo, na safari hii mtangazaji alitaje jina. Nikamwambia hilo ni jambo dogo sana, mzee wangu. Akawa haondoki. Akaniambia, "Mwanangu, wananitania nami nacheka. Lakini siku hizi hata mimi usiku najiuliza kama kweli nilipiga."

Nilimwambia kaa na redio yako Jumapili, utajisikia mwenyewe. Niliyasema hayo kwa kifua kabisa, na wiki ile ile tukahamisha muziki.

Sasa mnisikilize vizuri hapa. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, siku yoyote ingezima isiamke. Mkurugenzi akanunua diski ya nje, kazi ya kuhamisha akapewa fundi wetu wa kompyuta, Gidion. Gidion ni kijana mzuri, mpole, nadhifu, hata waya zake alikuwa anazikunja akizifunga na vibanio. Na unadhifu wake ndio uliotuponza.

Miaka ya nyuma vijana waliokuwa wanakuja kwetu kwa mafunzo ndio walioziingiza zile CD kwenye kompyuta. Kompyuta haikuwa na mtandao wa kuulizia, haikujua huyu ni nani na yule ni nani, kwa hiyo kila CD iliyoingia nyimbo zake ilizibatiza Track 01, Track 02, Track 03, mpaka mwisho. CD ya kasida, Track 01. CD ya kwaya, Track 01. Zeze la Mzee Ndahani, Track 01. Vijana wakaandika jina kwenye folda tu, ile ya nje. Na haikuwa na tabu, maana kila moja ilikaa kwenye folda yake. Ni sawa na kila nyumba ya Makole kuwa na mtoto anaitwa Juma. Kila Juma akilala kwao, nani atapata shida?

Gidion akaona folda zimekuwa nyingi, zinawachanganya watangazaji. Akazitoa nyimbo zote kwenye folda zake, akazimimina kwenye folda moja kubwa ndani ya diski, akaiita MUZIKI kwa herufi kubwa. Yaani aliwaita Juma wote wa Makole waje walale kitanda kimoja. Kompyuta siyo mjinga, ilimuuliza. Ikasema kwa Kiingereza chake, bwana, kuna mwingine hapa mwenye jina hili hili, nimtoe nimweke huyu? Gidion akajibu ndiyo. Na ili isimsumbue tena akaweka alama ya kwamba na wote watakaokuja ifanye hivyo hivyo. Akatoka kwenda kunywa supu.

Aliporudi kazi ilikuwa imeisha. Akaja kwangu amefurahi, anasema mama, tulidhani itachukua siku nzima, kumbe imechukua bakuli moja la supu. Nikamuuliza mbona kwenye kioo hii diski bado nyeupe, kama haijabeba kitu. Akaniambia mama, diski za siku hizi zina uwezo mkubwa wa kubana. Nikasema mashallah. Jioni akaifuta kompyuta ya zamani, ikapelekwa kwa mhasibu, ikajazwa mambo ya mhasibu.

Jumamosi nikakaa nimtafute Mzee Ndahani, kesho yake ndiyo siku yake. Nikafungua Track 01, kwaya. Track 02, mawaidha. Track 03, tangazo la dawa ya kunguni. Nikaendelea chini, Track zikaisha kabla sijamaliza kukaa vizuri kwenye kiti. Zile nyimbo za wanamuziki wa mjini, zilizoletwa kwa flashi zikiwa na majina yao kamili, zilikuwepo zote, hata zile tulizotamani zipotee. Waliotoweka ni wale ambao kompyuta haikuwajua: kwaya za vijijini, kasida za mitaani, ngoma, marimba, zeze. Nawaambia wazi kwamba niliumia.

Nilimwita Gidion. Alipoelewa alichokifanya alikaa chini sakafuni, na suruali yake iliyopigwa pasi. Nilikuwa nimempangia maneno, na niliyatoa yote, mimi siyo malaika. Nilipomaliza nikaenda kumchemshia chai.

Jumapili tukapiga nyimbo nyingine. Sikuwa na jinsi, na namba ya simu ya mzee sikuwa nayo. Baadaye nilikuja kusikia ilivyokuwa kule Mvumi. Mzee aliwakalisha wajukuu wote, akaiweka redio juu ya kigoda, akaamuru pawe kimya. Wimbo uliotoka ulikuwa wa mwanamke, wa Injili. Upendo akasikiliza kwa makini mpaka mwisho, akasema, babu, leo sauti yako imekuwa nyembamba. Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Siku hiyo, waliniambia, mzee hakucheka.

Hapa nisimame niwafundishe, maana nawajua, mtasahau yote mkumbuke dawa ya kunguni. Haya ninayowaambia karibu yote nimefundishwa na Gidion huyo huyo. Mtu aliyeunguza wali mara moja ndiye utakayemwachia jiko ukatulia. Kwanza, kabla hujahamisha wimbo wowote, uandike jina lake kwenye wimbo wenyewe. Mzee Salehe alisema, nikamcheka, sasa nasema mimi, nichekeni. Kompyuta ikikuuliza swali, lisome. Inauliza mara chache kuliko mama yako, ivumilie.

Pili, kopi, usikate. Ukikata wimbo huku ukaubandike kule, umeme wa Dodoma ukaamua kwenda matembezini katikati, utakuta wimbo hauko huku wala kule. Ukikopi, ule wa zamani unakungojea kwao. Na ukimaliza kukopi usianze kupiga makofi. Tazama uzito wa huku na uzito wa kule, vilingane. Kisha fungua wimbo mmoja wa katikati uusikilize mpaka mwisho, siyo mwanzo peke yake, kwa sababu wimbo uliokatika huwa unaanza vizuri kabisa, kama mchumba. Na chombo cha zamani usikifute siku hiyo hiyo. Kiache kikae, hakili chakula.

Tatu, nakala ya akiba siyo akiba kama imelala kitanda kimoja na mwenzake. Kuna mpiga muziki wa harusi hapa mjini, jina namsitiri, alikuwa ananisikiliza sana. Akanunua diski mbili, nyimbo zote hapa na nyimbo zote pale. Akatia zote mbili kwenye begi moja, begi akalifunga nyuma ya bodaboda, na mahali fulani kwenye barabara ya Singida begi likateremka lenyewe. Akaja kwangu analia. Nikamuuliza, na ile ya akiba? Akasema, bibi, si ndiyo ilikuwa humo humo. Moja ikae kwako, nyingine ikae kwa dada yako, mtu unayeelewana naye. Na msiziweke juu ya spika, wala kwenye gari juani, wala msichomoe waya kile kitaa cha diski kikiwa bado kinapepesa.

Najua mtaniambia, bibi, siku hizi tunaweka mawinguni. Wekeni, sikatazi, na mimi nina vitu vyangu huko. Lakini sisi watu wa Dodoma mawingu tunayajua. Yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zake Morogoro. Siku bando limekwisha na neno la siri umelisahau, utamwita nani ashuke nazo? Kuwe na nakala nyingine unayoweza kuishika kwa mkono.

Basi. Turudi kwa mzee wetu.

Tulianza na CD zenyewe. Stoo zilikuwa hazimo. Nikauliza, nikaambiwa mkurugenzi alishazichukua zamani, kompyuta si imeshazimeza, za nini tena? Alizipeleka kwenye shamba lake la zabibu njia ya Hombolo, kutishia ndege. Gidion na mimi tukaenda. Nasema nanyi, kama hamjawahi kumwona mama wa makamo na kijana mwenye tai wakizunguka kwenye mizabibu wanafungua CD kwenye kamba na kuzisoma moja moja, hamjaona kitu. Zilikuwa zinazunguka kwenye upepo na kung'aa vizuri sana. Jua lilikuwa limeshababua upande wote wa nyuma, ukigusa zinapukutika. Ya Mzee Ndahani tuliipata. Jina lake lilikuwa linasomeka kwa kalamu ya wino mzito, na muziki haukuwemo. Na zabibu ndege walikuwa wamekula.

Ikabaki njia moja ambayo sikuitaka. Hapa hapa Makole kulikuwa na kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu na flashi, mwenyewe anaitwa Hamisi, Mrangi wa Kolo. Anaweka nyimbo hapa mjini, halafu siku za mnada anabeba laptopu na betri ya gari anakwenda kukaa minadani huko Kondoa, wafugaji wanamletea simu wanajaziwa. Huyu bwana alikuwa anarekodi redio yetu. Nilikuwa napanda bodaboda nasikia muziki wangu, na sauti ya mtangazaji wetu juu yake, katika spika ya mtu nisiyemjua. Nilimwendea nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Bado nasema ni wizi, msije mkadhani nimelegea. Tangu siku ile nikipita pale nilikuwa natazama upande wa pili.

Siku hiyo nikaenda nikasimama dirishani kwake. Hamisi akanitazama, akamaliza kumhudumia mtu, akamhudumia na mwingine aliyekuja baada yangu, ndipo akaniuliza kwa upole, "Bibi, leo umekuja kunikamata au nikuwekee nyimbo?"

Nikamweleza habari ya mzee tangu mwanzo, wajukuu, mkono, redio juu ya kigoda. Nikamwambia na la usiku, kwamba mzee ameanza kujiuliza kama kweli alipiga. Hamisi akaacha kutabasamu. Akanisogezea benchi la wateja nikae, akageuza laptopu nione. Folda zake sijapata kuona za namna ile. Hakupanga kwa jina la mwimbaji, wala la wimbo. Alipanga kwa mnunuzi: Za Bodaboda. Za Mnadani. Za Kina Mama Saluni. Za Mafundi Ujenzi. Za Wazee. Tukafungua Za Wazee, na humo mlikuwa na mazeze kadhaa, yote yamerekodiwa kwenye kipindi chetu cha salamu, na hakuna hata moja lenye jina la mpigaji. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia mteja haulizi nani anapiga, anauliza kama inalia vizuri.

Nikayasikiliza pale pale. Na sasa naona nikiri ugumu uliokuwepo: wapiga zeze waliowahi kurekodi kwetu walikuwa zaidi ya mmoja, wengine wa Mvumi hiyo hiyo, na kwa sikio langu la Makole sikuweza kuapa lipi ni la nani. Hamisi aliniwekea yote kwenye flashi, na akakopi mara mbili bila kuambiwa. Malipo alikataa. Kanuni zangu zilinisumbua, nikashukuru hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata Gidion na mimi tukapanda basi la Mvumi. Tulikuta familia nzima uani, wametoka kanisani, mikeka imetandikwa. Mzee alinipokea kwa heshima zote ingawa nilikuwa nimemwaibisha, na nilipomweleza yaliyotokea akamtazama Gidion akasema tu, pole, mwanangu. Gidion akainamisha kichwa. Tukachomeka flashi kwenye spika ya wajukuu.

Zeze la kwanza likalia kidogo, mzee akatikisa kichwa. Akasema huyo siyo mimi, huyo anapiga haraka kama anawahi choo. La pili akatikisa kichwa tena. Upendo akaegemea ukuta, akasema labda babu yuko kwenye lile tangazo la sabuni. Wadogo zake wakaanza kucheka. Mafaili yalikuwa yanaelekea kuisha, na nilimwona mzee ameshaanza kuingiza mkono mfukoni, kama mtu anayejiandaa kuondoka kwake mwenyewe.

La tatu likaanza na sauti ya mtangazaji wetu, anasoma salamu, fulani wa Chamwino anamsalimia fulani wa Kongwa, na chini yake zeze. Mzee hakutikisa kichwa. Upendo akamtazama, akasema kwa upole kidogo kuliko siku zote, "Babu, hili linaweza kuwa la mtu yeyote." Nikadakia kwamba mimi ni shahidi, alikuja studio kwetu, namkumbuka. Akanijibu kwa adabu zote kwamba bibi, nyinyi wazee mnafichiana. Na kama ni lile au siyo lile, mimi mwenyewe sikujua.

Mzee akainua mkono wake wa kulia.

"Nyamazeni kidogo," akasema. "Hapo mbele napanda juu. Kidole kinateleza, uzi unapiga kelele. Halafu nacheka."

Mtangazaji akamaliza majina yake, akanyamaza, zeze likabaki peke yake. Likazunguka, likazunguka tena, likaanza kupanda. Na lilipofika juu kabisa uzi ukatoa kelele mbaya, ya kukwaruza, na nyuma yake tukasikia mwanamume anacheka kidogo kwa pua. Mzee naye akacheka wakati ule ule. Kicheko kilikuwa kile kile kimoja, ila cha pale uani kilikosa meno.

Upendo alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akaomba lirudiwe. Likarudiwa. Safari hii alihama ukutani akaja kukaa mkekani karibu na babu yake, na ilipofika pale hakutazama spika, alimtazama mzee usoni. Akamuuliza alikuwa anacheka nini. Mzee akasema fundi wa kurekodi siku ile alikuwa nyuma ya kioo amekunja uso kama amekanyagwa, akamtaka arudie tangu mwanzo, naye akakataa kwa sababu basi la Mvumi lilikuwa linaondoka. Tulicheka wote. Upendo alikuwa anafuta macho, akasema ni vumbi. Na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Gidion akatoa laptopu yake. Kabla ya kukopi chochote akaandika kwenye faili jina la mzee, na zeze, na Mvumi, halafu akamgeuzia mzee asome kama amepatia. Ndipo tukakopi: simu ya Upendo, simu ya mdogo wake, kompyuta ya baba yao, diski ya kituo, na flashi nyingine nikabaki nayo mimi. Gidion alikuwa bado anatafuta cha kufanya ili alipe kosa lake. Akamwambia Upendo kwamba siku hizi kuna programu, akipewa siku mbili anaweza kuusafisha wimbo ule, akazipunguza salamu za mtangazaji, na pale uzi ulipokwaruza akapakata akapaziba, mtu asijue kabisa kwamba palikuwa na kosa.

Upendo akaishika simu yake kwa mikono miwili.

"Salamu ondoa ukitaka, kaka," akasema. "Pale alipokosea usipaguse. Pale ndipo nilipomjua."